Uliza Mwalimu: Japani ya watoto inaanzia kituo cha bodaboda

Toleo lililopita niligusia kidogo shule ya msingi waliyosoma wanangu mjini Hamamatsu, Japani, miaka ile mume wangu alipokuwa mafunzoni huko. Barua zimemiminika. Wengi mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto aijueje Japani bila kuishia kwenye panga na kimono? Hizi ndizo nilizochagua.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, anashinda kwenye katuni za Kijapani. Majina ya ninja anayajua kuliko ya mikoa ya Tanzania. Nataka kumfundisha Japani yenyewe, ila vitabu sivioni hapa na intaneti yangu ni bando la siku. Nianzie wapi? (Mama wa mpenda ninja, Morogoro)

Marahaba mama. Anzia barabarani. Jioni moja nendeni mkasimame karibu na kituo cha bodaboda, yeye na daftari lake, aandike majina ya pikipiki na magari yote yatakayopita. Mkirudi nyumbani mchambue. Boxer na TVS ni za India, mziweke pembeni. Honda, Yamaha na Suzuki ni za Japani, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu zote tatu zina mizizi katika mji mmoja tu, Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, huko huko nilikokaa. Mtafutie ramani ya Japani, hata ya kuchora kwa mkono, aweke nukta yake ya kwanza hapo: pwani ya kusini, karibu katikati ya njia kutoka Tokyo kwenda Osaka.

Kisha mpe hadithi, maana nukta bila hadithi mtoto anaisahau. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa za kuzalishia umeme wa redio za jeshi, akawa anazifunga kwenye baiskeli. Kampuni yenyewe ikaandikishwa 1948. Suzuki ilianza 1909 ikitengeneza mitambo ya kufumia vitambaa. Yamaha ndiyo inayochekesha zaidi: mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa kurekebisha kinanda cha shule ya msingi kilichoharibika. Alipokwisha kukichungulia ndani akasema hiki hata mimi nakiweza. Alipotengeneza cha kwake, yeye na mwenzake walikibeba mabegani kwa mti kuvuka milima ya Hakone hadi Tokyo, wataalamu wakakipime. Mwonyeshe mwanao nembo iliyo kwenye tangi la pikipiki ya Yamaha. Ni vyuma vitatu vyenye umbo la uma, vile ambavyo mafundi wa ala hupimia sauti. Bodaboda nzima imebeba nembo ya kinanda, na wanaoipanda hawana habari.

Nukta nyingine zitajipanga zenyewe. Toyota: mkoa wa Aichi, jirani na Shizuoka, katika mji uliokuwa ukiitwa Koromo hadi 1959 ulipobadilishwa jina ukafuata la kiwanda. Mazda: Hiroshima. Subaru: mkoa wa Gunma, kaskazini-magharibi ya Tokyo, na nyota zilizo kwenye nembo yake ni zile zile ambazo wazee wetu wakulima wanaziita Kilimia. Mwulize pia kwa nini magari yaliyotumika Japani yanatufaa sisi kuliko ya Wamarekani. Akichunguza usukani atajibu mwenyewe: Japani nao wanaendesha kushoto.

Halafu kuna yule mwanamke wa ndani ya gari. Ukipanda taksi iliyotoka Japani si muda mrefu, dereva akiwasha injini, sauti ya kike inasema maneno marefu ya heshima ambayo hakuna anayeyaelewa. Mara nyingi analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za haraka haijaingizwa kwenye mashine. Wanangu tuliporudi nyumbani walikuwa wakimjibu, dereva anabaki kushangaa. Mwanao naye anaweza kumwigiza, tena kwa urahisi. Kijapani kina irabu tano kama zetu, a, i, u, e, o, zinatamkwa karibu sawa na za Kiswahili, na silabi nyingi zinaishia kwenye irabu. "Ka-wa-sa-ki" mtoto wa Morogoro anaisoma sawasawa kuliko mtoto wa London.

Katuni usimnyang'anye. Mpe kazi ya upelelezi humo humo: watu wanavua viatu wapi? Chakula cha shule wanakibeba kwenye nini? Sauti ya nyenje ikipiga kelele nyuma ya mazungumzo, huo ni mwezi gani? (Julai au Agosti, katikati ya kiangazi chenye joto la unyevunyevu ambalo mtu wa Dar es Salaam asingelishangaa.) Na ninja wake si uzushi mtupu. Walikuwa wapelelezi wa karne za vita vya ndani, na maeneo yao mashuhuri, Iga katika mkoa wa Mie na Koka katika mkoa wa Shiga, yapo kwenye ramani mpaka leo. Aweke nukta na huko.

Mwalimu mwenzangu, nina kipindi kimoja tu cha kuifundisha Japani darasa la sita. Kitabu kinasema "ni nchi ya visiwa yenye viwanda vingi", basi. Niongeze nini watoto wasilale? (Mwalimu, Nakuru)

Mwenzangu, una bahati ya kufundisha Nakuru. Kreta ya volkano ya Menengai mnaiona kutoka uani, Ziwa Bogoria haliko mbali. Anza na mayai. Wageni wa Bogoria huchemsha mayai kwenye chemchemi za moto. Wajapani hufanya hivyo hivyo, na pale Owakudani, karibu na mlima Fuji, mayai yanatoka na maganda meusi kwa ajili ya salfa na chuma kilicho majini. Ukishawapata kwa mayai waulize: joto hilo linatoka wapi, na kwa nini sisi na wao?

Hapo chora michoro miwili ubaoni. Kwenu ardhi inavutana na kuachana, ndiyo maana mna Bonde la Ufa. Kwao mabamba manne ya ardhi yanakutana, na yale ya baharini yanazama chini ya mengine. Yakikwama kwa miaka mingi kisha yakafyatuka, ndipo linapokuja tetemeko kama lile la tarehe 11 Machi 2011, la ukubwa wa 9.0, lililoleta tsunami pwani ya kaskazini-mashariki. Kati ya nchi ninazozijua sijaona mahali pazuri pa kufundishia jiografia kama pale, kwa sababu kila kitu kilichomo kitabuni kinaonekana kikifanya kazi.

Nenda Kagoshima, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu. Ng'ambo ya ghuba kuna mlima wa volkano, Sakurajima, unaotema majivu mara nyingi mno kwa mwaka. Hadi 1914 kilikuwa kisiwa kamili. Mwaka ule lava ilimwagika ikaziba mlango wa bahari, kikaungana na nchi kavu. Watoto wanaokaa chini yake huenda shule na helmeti kichwani. Halmashauri ya jiji inagawa mifuko ya njano ya kukusanyia majivu uani, na gari hupita kuichukua kama linavyochukua taka. Waambie hilo la mifuko. Sijamwona mtoto aliyelisikia akalisahau.

Sasa ukubwa. Eneo la Japani ni kilomita za mraba kama 378,000, karibu theluthi mbili za Kenya, na humo wanaishi watu wapatao milioni 124. Takriban robo tatu ya nchi ni milima. Kwa hiyo wote hao wamejibana kwenye vipande vya tambarare vilivyo pwani, na ndiyo sababu treni ya kasi iliyozinduliwa Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka inajaa abiria kutwa. Visiwa vikubwa ni vinne, Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, lakini serikali ilipovihesabu upya kwa ramani za kisasa mwaka 2023 ilipata 14,125. Fuji mwenyewe ana mita 3,776. Mlima Kenya unamzidi mbali, na watoto wako watashangilia, waache washangilie.

Usisahau kwamba nchi hiyo ni ndefu. Februari, wakati barafu inaelea baharini huko Abashiri, kaskazini-mashariki mwa Hokkaido, Okinawa maua ya cheri yameshachanua. Kwenye visiwa vikubwa maua hayo huanza Kyushu mwishoni mwa Machi, yanapanda kaskazini wiki baada ya wiki, hadi Sapporo kwenye mwanzo wa Mei, na taarifa ya habari inayafuatilia kila jioni. Kwa darasa lililo karibu na ikweta, jambo hilo linafundisha latitudo kuliko mistari ya kwenye tufe.

Ukibakiwa na dakika tano, toa saa yako. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Hesabu yetu ya Kiswahili nayo inatofautiana na mishale ya saa kwa sita. Matokeo yake, tukisema huku ni saa moja asubuhi, saa ya ukutani Tokyo inaonyesha 1 kamili, mchana. Tukisema saa nne, kwao mshale uko kwenye 4. Mwaka mzima haibadiliki, maana wao na sisi hatuna desturi ya kusogeza saa. Mimi nilikuwa nikipiga simu nyumbani Tanga bila kupiga hesabu yoyote: niliangalia ukutani tu nikajua mama yangu atasema ni saa ngapi.

Assalaam alaykum bibi. Shule ya wanangu inaandaa Siku ya Japani. Watoto wavae kimono, warushe maharage kufukuza mashetani, waonje vyakula. Sitaki kuonekana mkorofi, lakini sipendi ibada za watu zifanywe mchezo, wala sijui kilichomo kwenye vyakula hivyo. (Baba, Mjini Unguja)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Si ukorofi. Kurusha maharage ni desturi ya mwanzoni mwa Februari, na kwa Wajapani wengi leo ni kicheko cha nyumbani, baba anavaa kinyago na watoto wanamrushia. Ila mahekaluni inafanywa kwa dhati. Mwombe mwalimu aiache. Badala yake apendekeze tiara. Hamamatsu kila mwaka, tarehe 3 hadi 5 Mei, mitaa ya mji inarusha matiara makubwa kuliko mlango wa nyumba kwenye matuta ya mchanga ya Nakatajima, kusherehekea mtoto wa kwanza wa familia. Kamba zinapishana, zinasuguana mpaka moja inakatika, na watu wazima wanapiga tarumbeta. Watoto wa Unguja hawahitaji kufundishwa kukata kamba ya mwenzao.

Kimono mimi ningeiweka mwisho kabisa. Vazi la kukodi halimfundishi mtoto kitu, na wenyewe wanalivaa siku za sherehe tu. Kama lazima livaliwe, upande wa kushoto wa mvaaji ulale juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti.

Vyakula: nyama ya nguruwe iko kwenye tambi za rameni nyingi na kwenye vile vitumbua vya nyama vinavyoitwa gyoza, na mirini, inayotiwa kwenye michuzi, ina pombe. Pendekeza onigiri, matonge ya wali yenye samaki katikati. Wali wa Mbeya uliochambuka hautashikana. Uchagueni mchele unaonata, mwongeze maji, na mtoto afinyange ungali moto, mikono ikiwa imeloweshwa maji ya chumvi. Jodari wa Unguja anatosha kabisa kuwa kitoweo cha ndani.

Na waambie wanao kwamba msikiti wa kwanza wa Japani uko Kobe, ulifunguliwa 1935. Mabomu ya vita yaliuteketeza mji wote ulioizunguka sehemu ile, msikiti ukabaki umesimama. Tetemeko la 1995 nalo likapita, ukabaki vile vile.

Mwalimu, binti yangu wa miaka 7 amefundishwa shuleni kukunja ndege wa karatasi. Ameniuliza kwa nini wanakunjwa elfu moja. Najua jibu linaishia Hiroshima. Nimwambie au nimwache kwanza? (Mama, Muscat)

Mwambie. Ameuliza, na akinyimwa jibu atalipata kwa mtoto mwenzake, likiwa na chumvi. Ila mwanzie kwa msichana, usimwanzie kwa bomu. Sadako Sasaki alikuwa hodari wa mbio za kupokezana shuleni kwao. Alikuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, na hakuonekana kuwa na jeraha. Miaka tisa na ushee baadaye akaugua saratani ya damu. Kwa Wajapani korongo ni ndege wa maisha marefu, na wanasema anayekunja elfu moja hupata anachokiomba. Akawa anakunja kitandani kwa karatasi yoyote aliyoipata, hata za kufungia dawa. Alifariki Oktoba 1955, ana miaka 12. Wenzake wa darasani wakaanza kuchangisha, shule za nchi nzima zikaitikia, na 1958 mnara wa watoto ukasimamishwa Hiroshima. Hadi leo watoto wanapeleka mashada ya karatasi pale.

Usifiche kwamba alikufa, na usimwambie ndege walimponya. Picha za walioungua ziache mpaka awe mkubwa. Muhimu ni kwamba akimaliza kusikia ajue Hiroshima ni mji ulio hai: tramu zilirudi kukimbia kwenye kipande cha reli siku tatu tu baada ya bomu na zinakimbia hadi sasa, timu ya besiboli inavaa nyekundu na inashangiliwa kwa fujo, na kuna miti iliyoungua ikachipua tena, imewekewa vibao ili watu waitambue. Mama mmoja niliyefahamiana naye kule alikuwa na uchungu na wageni wanaotamka jina la mji wake kwa sauti ya msibani. Alitaka waulize habari za chaza, kwa sababu ghuba yao ndiyo inayoongoza nchini kwa kuwafuga.

Shikamoo bibi Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 11. Je, ni kweli watoto wa Japani wanafagia shule wenyewe kama sisi? Na likizo wanapata? (Mwanafunzi, Bukoba)

Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli. Kila siku kuna muda wa usafi, muziki unapigwa kwenye vipaza sauti, kila kikundi kina eneo lake: korido, ngazi, hata vyoo. Sakafu wanaifuta kwa tambara, wameinama, wanakimbia kutoka ukuta hadi ukuta kwa mashindano. Tofauti na shule nyingi nilizofundisha huku ni kwamba aliyechelewa hapewi choo kuwa adhabu. Choo kina zamu, na zamu ni ya kila mtu.

Chakula cha mchana nacho wanajigawia. Wa zamu wanavaa joho jeupe na kofia, wanaburuta masufuria kutoka jikoni, wanapakua, na hakuna anayeanza mpaka wote wapate. Maziwa kila siku. Mwanangu wa kiume alikuwa hapendi maziwa, akagundua kwamba paketi inayobaki inagombewa kwa mchezo wa jiwe, karatasi, mkasi, basi ya kwake hakukosa wa kumpa.

Shule wanakwenda kwa miguu, kwa vikundi vya mtaa, mkubwa mbele, mikoba migumu mgongoni. Getini hakuna mama wala baba, na magari hayapangi foleni kama kwenye shule za mjini huku. Mlangoni wanabadilisha viatu vya nje kwa vya ndani. Na pale Shizuoka, ambako wanasubiri tetemeko kubwa siku yoyote, kwenye kiti cha kila mtoto kulikuwa na kofia nene ya kitambaa. King'ora kikilia, kofia kichwani, chini ya meza, kimya, kisha uwanjani mbio. Tarehe 1 Septemba nchi nzima inafanya mazoezi hayo, kukumbuka tetemeko lililoangamiza Tokyo na Yokohama mwaka 1923.

Likizo wanapata, ila usiwaonee wivu. Mwaka wa shule unaanza Aprili, na likizo ndefu ni ya kiangazi, kuanzia karibu mwisho wa Julai hadi karibu mwisho wa Agosti. Wanarudi nyumbani na rundo la kazi: shajara ya picha, insha ya kitabu, utafiti wa kujichagulia. Wa darasa la kwanza wanabeba na chungu cha ua linalotambaa, walimwagilie na kuandika lilichanua siku gani na rangi gani. Binti yangu alichagua kuchunguza kasa wanaotaga pale Nakatajima, akaishia kuwachora zaidi kuliko kuwahesabu, na mwalimu akakubali.

Juu ya hayo kuna mazoezi ya viungo ya redioni. Watoto wa mtaa wanakusanyika kwenye uwanja mdogo, kila mmoja na kadi yake imening'inia shingoni, wanarusha mikono kufuata kinanda cha redio, wakimaliza mzee wa mtaa anawapigia mhuri. Wanangu waliyachukia. Redio inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kadi yenye nafasi tupu mzee anaiona.